Kabla ya Kushika Barabara: Linda Simu Yako, Linda Wenzako

Serikali haihitaji kukukamata ili unyamaze. Inatosha uamini kwamba kila unachoandika kinasomwa na kila unapopita unaonekana. Utatoka kwenye kundi la WhatsApp bila kuaga. Utafuta posti zako za mwezi mzima. Jumanne ya maandamano ikifika, utawaambia wenzako una homa.

Vijana wengi wa Kenya wanaijua hali hii tangu 2024. Mswada wa Fedha ulipingwa mtandaoni na barabarani, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Lakini watu walikuwa wameanza kutoweka. Kufikia mwisho wa Desemba mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji tangu Juni. Mchoraji katuni Gideon Kibet, maarufu kama Kibet Bull, alichukuliwa mkesha wa Krismasi na kuachiliwa tarehe 6 Januari 2025. Kosa lake lilikuwa kuchora.

Kwa hiyo hofu yako ina msingi, na sitakuambia uitupe. Ipe kazi ya kufanya. Haya ninayokuandikia ni ya mtu anayekwenda kukusanyika kwa amani na bila silaha, kama Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinavyompa haki. Mengi yanafanyika kwa simu uliyo nayo sasa, na hayagharimu kitu.

Jua simu yako inasema nini

Anza na rekodi za simu. Kila unapopiga au kutuma SMS, kampuni ya simu inahifadhi namba yako, namba ya mwenzako, saa, muda mliozungumza na mnara uliokuhudumia. Maneno yenu hayamo humo, na mpelelezi hayahitaji. Mnara wa katikati ya jiji, saa nane mchana, siku ya maandamano, na orodha ya watu watano uliowapigia kabla ya hapo: tayari ana jina lako na ana kundi lako.

Usijifariji kwamba lazima kwanza waende mahakamani. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini ripoti ya shirika la Privacy International ya 2017 kuhusu Kenya ilieleza jinsi idara ya ujasusi inavyoifikia mitandao ya simu moja kwa moja. Panga mambo yako ukichukulia kwamba rekodi hizo zinaweza kusomwa.

Je, unaihitaji simu siku hiyo? Kama huihitaji, iache nyumbani ikiwa imewashwa. Kama unaihitaji kwa kupiga picha au kwa dharura, iweke kwenye hali ya ndegeni ukiwa bado mtaani kwako. Ukingoja hadi ufike Kenyatta Avenue, umechelewa. Minara yote ya njiani imeshakuandika.

Kubadilisha laini peke yake hakusaidii. Bonyeza *#06# sasa hivi uone. Ile namba ya tarakimu 15 ni IMEI, namba ya kifaa chenyewe, na huenda kwenye mtandao pamoja na laini yoyote utakayoiweka. Laini mpya kwenye simu ileile inasomeka kama wewe yuleyule. Na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine usiiguse kabisa: itakuletea kesi, na itamletea shida mwenye kitambulisho.

Mipango ihamishie Signal. Mahakama za Marekani zimewahi kuiamuru kampuni hiyo itoe taarifa za watumiaji wake, na ilichokuwa nacho cha kutoa ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganishwa. Ingia kwenye mipangilio, jiwekee jina la mtumiaji, kisha ufiche namba yako ya simu. Washa ujumbe unaotoweka. Kwa mipango ya maandamano, siku moja inatosha.

Kundi la WhatsApp ndilo tundu kubwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumia.

WhatsApp inafunga ujumbe wako ukiwa njiani. Sawa. Lakini kufuli hilo halikulindi dhidi ya mtu aliyemo ndani ya kundi. Kundi la WhatsApp hubeba hadi watu 1,024. Kiungo chake kimewekwa X, kimebandikwa TikTok, kimepita kwa makundi ya kanisa na ya chama. Afisa hahitaji kudukua chochote. Anabofya kiungo, anaingia, anasoma, na anaona namba ya kila mmoja wenu.

Basi gawa kazi. Kundi kubwa liwe la matangazo ya wazi tu: tarehe, mahali, maji, madaktari wa kujitolea, haki za anayekamatwa. Liandikie ukijua polisi wanasoma. Hakuna ubaya wakisoma kwamba mnakutana saa nne asubuhi kwa amani. Majina, nyumba mtakazolala, nani ana gari na nani anafadhili nauli, hayo yasiingie humo hata kwa mafumbo.

Kundi dogo liwe la watu unaowajua kwa sura. Watano, au saba wakizidi. Kila mmoja awe ameletwa na mwenzake aliyewahi kukaa naye meza moja. Mtu akitaka kumwongeza rafiki wa rafiki, jibu ni kwamba kundi hili limejaa, huyo aanzishe la kwake. Usione haya kukataa. Anayekasirika leo atakuelewa baadaye.

Kisha fungua WhatsApp yako uangalie sehemu mbili. Kwanza, vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe hapohapo. Kompyuta ya cyber uliyoitumia kuchapisha CV mwezi uliopita inaweza kuwa bado imeshika akaunti yako. Pili, nakala rudufu ya soga. Hutunzwa kwenye akaunti yako ya Google au iCloud, na kama hujawasha kinga yake, kufuli la WhatsApp haliifuniki. Washa usimbaji wa nakala hiyo, au zima nakala kabisa.

Michango nayo ina rekodi. M-Pesa inahifadhi jina, kiasi na saa, kwako na kwa anayepokea. Kama mnachangia matibabu au dhamana, tumieni shirika linalojulikana na linalotoa hesabu, kuliko namba ya kijana mmoja ambaye kesho ataulizwa kila shilingi ilitoka kwa nani. Nauli ya jirani mpe mkononi.

Picha: ushahidi wako, na ushahidi dhidi ya mwenzako

Usiache kupiga picha. Filamu ya BBC Africa Eye iitwayo Blood Parliament, iliyotoka Aprili 2025, ilichambua zaidi ya picha 5,000 za tarehe 25 Juni 2024 ili kuwatambua waliowafyatulia waandamanaji risasi nje ya Bunge. Nyingi kati ya kazi za namna hii huanza na kijana aliyeinua simu wakati wenzake wanakimbia.

Lakini kamera hukata pande zote. Uganda, Novemba 2020, baada ya maandamano yaliyofuata kukamatwa kwa mgombea urais Bobi Wine, polisi walisema wamewakamata washukiwa 836 kwa msaada wa kamera za barabarani, ikiwemo teknolojia ya kutambua nyuso. Nairobi na Mombasa nazo zina mfumo wa kamera za polisi uliojengwa na Safaricom kwa vifaa vya Huawei kuanzia 2014, uliopangwa kuwa na kamera takriban 1,800. Ukiweka X picha safi ya umati, unaongeza kamera nyingine, tena iliyo karibu na nyuso kuliko zote.

Fuata utaratibu huu. Piga video yako, usiifute, usiikate. Ihifadhi ilivyo, na nakala nyingine iwe kwa mtu nje ya mji. Hiyo ndiyo ya wakili na ya KNCHR. Ya kusambaza tengeneza nakala ya pili na uzibe nyuso kwa rangi nzito isiyopenya macho. Signal ina kifaa cha kuziba nyuso ndani yake. Kwa video, chagua sehemu inayoonyesha migongo.

Kabla hujabonyeza kutuma, ikuze picha uiangalie vizuri. Usitazame sura peke yake. Tazama sweta ya chuo. Tazama tatuu ya shingoni. Tazama viatu vyekundu ambavyo mwenzako amevivaa kwenye kila picha ya Instagram tangu Januari. Tazama bango la duka nyuma yenu, na beji ya kazi iliyosahaulika shingoni. Mtu anatambulika kwa vitu hivyo hata akiwa na barakoa. Na kwa sababu hiyohiyo, siku ya maandamano vaa nguo za kawaida zisizo na maandishi, zile ambazo hujapigwa picha ukiwa umezivaa.

Mahali ulipopigia picha hubaki ndani ya faili. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukiituma kama dokimenti, zinakwenda nayo. Kwa wakili tuma dokimenti, kwa umma tuma picha.

Mubashara sikushauri, isipokuwa mtu anapigwa au anachukuliwa mbele yako na unataka ulimwengu uone papo hapo. Matangazo ya moja kwa moja hayakupi nafasi ya kuziba uso wa yeyote. Ukikuta tukio kama hilo, sema kwa sauti ukiwa unapiga: leo ni tarehe fulani, saa fulani, tuko barabara fulani. Elekeza kamera kwenye namba ya gari, namba ya afisa, na bango la mtaa. Sekunde 20 za namna hiyo zina faida mahakamani kuliko nusu saa ya kukimbia na kamera ikitazama lami.

Simu ikichukuliwa

Usiku wa kuamkia maandamano, zima alama ya kidole na utambuzi wa uso. Kidole chako kinaweza kushikwa kikabandikwa kwenye kioo. PIN iliyo kichwani haishikiki hivyo. Weka ya tarakimu sita au zaidi, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Zima pia ujumbe unaojitokeza kwenye kioo kilichofungwa.

Ondoa usivyovihitaji. Barua pepe za kazi, picha za watoto, soga za miaka mitatu: hamisha au toka kwenye akaunti. Ukiona mambo yanageuka, izime simu kabisa. Simu iliyozimwa ni ngumu kufunguliwa kuliko iliyofungwa kioo tu.

Ukiambiwa utoe PIN, omba kuzungumza na wakili kwanza. Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kunyamaza na haki ya kuwasiliana na wakili. Sema kwa upole, rudia maneno yaleyale, usibishane.

Simu ikirudishwa, usiifurahie. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi wakihusishwa na ile filamu ya BBC, ingawa BBC ilisema hawakushiriki kuitengeneza. Simu zao zilichukuliwa. Watafiti wa Citizen Lab, Toronto, baadaye walikuta programu ya ujasusi iitwayo FlexiSPY kwenye baadhi ya vifaa hivyo, iliyowekwa wakati vikiwa mikononi mwa polisi. Programu ya aina hiyo husoma ujumbe, husikiliza simu na hufuata unapokwenda.

Kwa hiyo simu iliyolala kituoni usiingize neno lolote la siri ndani yake. Iache imezimwa. Badilisha manenosiri yako yote kwa kifaa kingine, cha mtu unayemwamini. Kisha ipeleke kwa watu wanaojua kuchunguza. Defenders Coalition na mashirika mengine ya kutetea haki yanaweza kukuelekeza. Usikimbilie kuifuta na kuirudisha kama mpya. Ukifanya hivyo unaufuta pia ushahidi wa walichokifanya.

Mtu wako asipopokea simu

Hakuna programu inayoshinda mtu anayejua uko wapi. Chagueni wawili wawili. Wekeni saa ya kuripoti, tuseme saa kumi na moja jioni, kwa mtu aliyebaki nyumbani. Huyo wa nyumbani awe na majina yenu kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba ya wakili, na maelezo ya nguo mlizovaa. Nanyi andikeni namba ya wakili kwenye mkono kwa kalamu ya wino usiofutika, juu ya kiwiko, mahali ambapo shati linafunika. Simu ikienda, namba inabaki.

Saa ya kuripoti ikipita, asingoje kesho. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya posti kwenye X kumhusu afisa mkuu wa polisi. Akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi. Kesho yake alikuwa amekufa. Kazi yenu ni ya saa, siku ni nyingi mno.

Wa nyumbani afanye hivi. Ampigie wakili. Aende kituo cha karibu, na kinachofuata, akiuliza kama jina limeandikwa kwenye kitabu cha matukio, OB, na ni kwa kosa gani. Akiambiwa hayupo, aandike jina la afisa aliyejibu na saa. Aripoti KNCHR, mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, na Chama cha Mawakili, LSK. Kama kuna aliyeona akichukuliwa, aulizwe rangi ya gari, namba yake kama ilikuwepo, wanaume wangapi, walivaaje. Halafu jina na picha vipelekwe mtandaoni, kwa idhini ya familia, tena na tena.

Aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Polisi wakikana kuwa naye, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta mtu huyo mbele ya jaji, akiwa hai. Kifungu cha 25 kinaiweka haki hiyo kati ya chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Itumieni mapema.

Mtandao ukififia

Jioni ya 25 Juni 2024 intaneti ilizorota Kenya nzima. Nchini Tanzania ilizimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na watu wakakaa siku kadhaa gizani. VPN husaidia mtandao fulani ukizuiwa, lakini intaneti ikizimwa yote VPN haina pa kupita. Weka programu ya Briar mapema, wewe na wenzako. Inatuma ujumbe kwa Bluetooth simu zikiwa karibu. SMS itumie kwa “nimefika” tu. Uliye Tanzania, kumbuka mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili tangu 2023. Jua sheria ya ulipo kabla ya kuweka chochote kwenye simu.

Usijifute

Baada ya haya yote, bado una sauti na bado unatakiwa kuitumia. Kujilinda kusikugeuze mtu wa kunong’ona.

Andika unachoweza kukithibitisha. Tarehe, kifungu cha mswada, kiasi cha kodi, jina la kamati. Usisambaze sauti ya WhatsApp usiyojua imetoka wapi. Mei 2025 mtayarishaji mmoja wa programu alikamatwa Nairobi kwa kutengeneza tovuti iliyowarahisishia wananchi kuwaandikia wabunge kuhusu Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Alishtakiwa kwa sheria ya 2018 ya uhalifu wa kompyuta. Mwezi uliofuata mahakama ikayatupa mashtaka. Alichokifanya kilikuwa cha wazi na cha kisheria, na ndiyo maana kesi haikusimama.

Kama unaandaa maandamano, peleka notisi kituoni siku tatu hadi 14 kabla, kama Sheria ya Utulivu wa Umma inavyotaka. Hiyo ni taarifa, huombi ruhusa. Baki na nakala iliyopigwa muhuri. Kama huwezi kwenda barabarani kwa sababu ya mtoto, kazi au afya, nenda ukakae mahakamani siku wenzako wanaposomewa mashtaka. Kiti chako humo ndani kinamwonyesha hakimu kwamba mshtakiwa ana watu.

Na haya usiyafanye peke yako. Simu moja iliyolegea kwenye kundi la watu watano inawafichua wote watano. Waite wenzako jioni moja wiki hii, mkae pamoja na chaja zenu, mpitie mipangilio simu moja baada ya nyingine, mgawane namba ya wakili na mchague wa kubaki nyumbani. Fanyeni hivyo kabla tarehe ya maandamano haijatangazwa, kwa sababu ikishatangazwa hamtapata nafasi.